Gharama Halisi ya Kikao cha Kazini: Namna ya Kuihesabu na Namna ya Kuamua Kisifanyike

Kwa miaka kadhaa kazi yangu katika ofisi moja ya mjini Unguja ilikuwa kuandika muhtasari wa vikao, na mtu anayeandika muhtasari huona kitu ambacho wajumbe wengine hawakioni, kwa sababu yeye ndiye anayelazimika kunakili upya kila kisichomalizika. Chini ya kichwa cha Yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka kikao kilichopita, niliandika suala la mashine ya kutoa nakala katika vikao saba vilivyofuatana. Kila mara lilichukua kama dakika kumi, wajumbe walikuwa kumi na wawili, na kila mara azimio lilikuwa "suala linaendelea kufuatiliwa". Fundi alipokuja hatimaye, alilipwa shilingi 60,000. Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya muda tuliotumia kuizungumzia mashine ile, nikapata shilingi 81,200. Waswahili wa baharini husema mwenda tezi na omo marejeo ngamani, na sisi tulikuwa tumekwenda tezi na omo mara saba kwa gharama iliyoizidi ile ya fundi.

Mwongozo huu unaeleza namna hesabu ile inavyopigwa, gharama zipi hazionekani ndani yake, na hatua za kufuata kabla ya kuita kikao, au kabla ya kukubali mwaliko wa kikao kilichoitwa na mwingine. Mifano yake imetoka kwenye ofisi za Unguja na Pemba, lakini hesabu ni ileile kwa skuli, hoteli, jumuiya au duka lenye wafanyakazi sita.

Hatua ya kwanza: pata bei ya saa moja

Mshahara wa mwezi si gharama kamili ya mfanyakazi. Mwajiri analipa pia mchango wake kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, analipa siku za likizo ambazo kazi haifanyiki, na analipa umeme, kiti na chumba. Usihangaike kutafuta kila senti. Ongeza robo ya mshahara na utakuwa karibu na ukweli. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 basi anahesabiwa kuwa ni wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi.

Kisha tafuta saa. Wiki ya kazi ya saa 40 ikizidishwa kwa wiki 52 inatoa saa 2,080 kwa mwaka, na ukigawa kwa miezi 12 unapata takriban saa 173 kwa mwezi. Gawa shilingi 1,000,000 kwa 173, jibu ni shilingi 5,780, nasi kwa wepesi tutaiita 5,800. Hiyo ndiyo bei ya saa moja ya mfanyakazi wa kawaida katika mfano wetu. Kama wajumbe wana mishahara inayotofautiana sana, tumia wastani, kwa maana lengo ni kupata ukubwa wa jambo. Sikushauri kabisa kuandika mshahara wa kila mtu kwenye karatasi itakayosahaulika mezani.

Sasa chukua kikao cha kila Jumatatu chenye wajumbe 12 na kinachodumu saa mbili. Hizo ni saa 24 za kazi, yaani shilingi 139,200. Ongeza chai, sambusa na maji kwa shilingi 3,000 kila mmoja, ambazo ni 36,000. Ongeza pia dakika 25 za kusubiriana, maana kikao kimeitwa saa 4:00 na mwenyekiti ameingia saa 4:25: dakika 25 kwa watu 12 ni saa tano kamili, sawa na shilingi 29,000. Kwa wiki 48 za mwaka, kikao chenyewe kinakula shilingi 6,681,600, chai 1,728,000, na kusubiriana 1,392,000. Jumla ni shilingi 9,801,600, nayo inakaribia gharama ya miezi kumi ya kumwajiri mtu mmoja. Posho ya kikao bado hatujaigusa.

Tazama sehemu ya kusubiriana. Watu huiona kama jambo la adabu au la kukosa adabu, wakati ni gharama inayokaribia kulingana na ya chai, na hakuna mhasibu atakayeihoji kwa sababu haina stakabadhi.

Hatua ya pili: tafuta gharama zisizo na stakabadhi

Hesabu ya hatua ya kwanza ni ndogo kuliko ukweli, na upungufu wake mkubwa zaidi unaonekana pale bahari inapoingia kati. Wizara nyingi za Serikali ya Mapinduzi zina ofisi Pemba chini ya Afisa Mdhamini, na ni jambo la kawaida kwa ofisa wa Chake Chake kuitwa Unguja kwa kikao cha saa moja au mbili. Boti na ndege zina ratiba yake, hazimsubiri mjumbe amalize neno lake, kwa hiyo mtu huyo husafiri siku moja kabla, hukaa kwenye kikao siku ya pili, na hurejea siku ya tatu. Siku tatu za saa nane nane ni saa 24. Ukizidisha kwa 5,800 unapata shilingi 139,200, yaani bei ileile, hadi shilingi ya mwisho, ya wajumbe 12 kukaa saa mbili. Mtu mmoja kutoka Pemba amegharimu sawasawa na chumba kizima, na hapo hatujahesabu nauli, malazi wala posho ya safari, achilia mbali foleni ya watu waliofika ofisini kwake Chake Chake na kuambiwa warudi Alhamisi.

Gharama ya pili ni siku iliyokatwa vipande. Kwa ofisi inayofungua saa 1:30 asubuhi na kufunga saa 9:30 alasiri, kikao cha saa 4:00 kinakaa katikati kabisa ya muda ambao kichwa bado kinafanya kazi vizuri. Mhasibu anayejua kwamba ataitwa saa 4:00 haanzi kusuluhisha hesabu za benki saa 3:15, kwa sababu hazitamalizika. Anajibu ujumbe, anapanga makaratasi, anasubiri. Kikao kikiisha saa 6:25, Adhuhuri imeingia, kisha ni chakula, na anaporudi mezani amebakiwa na muda usiotosha kazi nzito. Saa mbili zilizoandikwa kwenye mwaliko zimemla karibu siku nzima.

Ya tatu ni ya wasiokuwepo. Mkuu wa kitengo akiwa kikaoni, jalada linalosubiri saini linasubiri, na mwananchi aliyetoka Makunduchi kufuata kibali anasubiri pia kwenye benchi. Muda wake hauingii kwenye bajeti ya ofisi yoyote, na ndiyo maana unatumiwa kwa ukarimu kiasi hicho. Ukitaka kuona gharama hii kwa macho, mwombe mtu wa mapokezi aandike kwa wiki moja idadi ya watu walioambiwa "yuko kikaoni". Fanya hivyo kabla ya kufanya jambo jingine lolote katika mwongozo huu.

Kuhusu posho ya kikao nitasema kwa uwazi. Palipo na posho, kikao hakihitaji sababu ya kuitwa, kinahitaji tu bajeti, na mtu anayependekeza kifutwe ataonekana anawakatia wenzake riziki. Hilo si suala la utaratibu wa vikao, ni suala la mishahara, na halitatatuliwa na katibu mwenye kalamu nzuri. Unachoweza kufanya ni kuiandika posho katika hesabu yako kwa jina lake, mstari mmoja, bila maelezo.

Hatua ya tatu: andika sentensi moja

Kabla ya kuita kikao, andika sentensi moja inayoanza na maneno "Tukitoka humu tutakuwa tume-", kisha uimalizie. Tutakuwa tumechagua mzabuni mmoja kati ya watatu. Tutakuwa tumegawana zamu za mwezi wa Ramadhani. Tutakuwa tumekubaliana nani atazungumza na sheha kuhusu mpaka wa kiwanja. Sentensi za namna hii zina mwisho unaoonekana, na mtu yeyote anaweza kusema baadaye kama jambo limefanyika au halikufanyika.

Kama sentensi yako inaishia na "tumejadili", "tumepeana taarifa" au "tumejengeana uelewa", simama hapo. Kujadili ni njia, na njia isiyoelekea popote ndiyo inayozaa Yatokanayo ya kurasa nne. Taarifa zinasomeka. Mtu mzima husoma ukurasa mmoja kwa dakika tatu, na kuusikiliza ukisomwa kwa sauti na mwandishi wake, pamoja na salamu, itifaki na maelezo ya pembeni, kunachukua robo saa. Wakuu wa idara sita wakisoma taarifa zao kwa zamu, saa moja na nusu imekwisha, na kila mmoja hakuisikiliza kwa makini taarifa ile inayotangulia yake, kwa sababu alikuwa anajiandaa.

Liko swali la pili la kujiuliza, nalo huwaudhi wakubwa: je, uamuzi umekwisha kufanywa? Kama mkurugenzi ameshaamua ofisi ihamie ghorofa ya pili, kuwaita watu 12 "kupata maoni" kunawagharimu mara mbili, muda wao leo na imani yao kesho. Awaandikie kwamba ameamua, aeleze sababu, na aseme ni mambo gani madogo bado yako wazi.

Hatua ya nne: chagua njia nyingine

Watumishi wa umma tayari wana chombo bora kuliko kikao, nacho ni dokezo sabili, karatasi ya hoja inayozungushwa ndani ya ofisi. Limeachwa lizoeleke kama karatasi ya kuombea ruhusa na mafuta ya gari, ilhali lilikusudiwa kubeba hoja kutoka meza moja hadi nyingine na kurudi na maamuzi. Dokezo linalochukua nafasi ya kikao lina mambo manne: jambo lililopo kwa sentensi mbili au tatu, njia zinazowezekana pamoja na gharama ya kila moja, pendekezo la mwandishi, na tarehe ambayo kimya kitahesabiwa kuwa ni kukubali. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na bila hilo jalada litalala masjala mpaka mtu aite kikao kuulizia liko wapi. Tarehe hiyo iwekwe kwa idhini ya mkuu wa ofisi, kwa maandishi, ili asitokee mtu wa kusema hakuhusishwa.

Mfano wa lugha yake: "Mashine ya kutoa nakala imeharibika tangu tarehe 4. Fundi anatoza shilingi 60,000 na atamaliza kwa siku moja. Kutoa nakala dukani kunatugharimu takriban shilingi 15,000 kwa wiki. Napendekeza tumwite fundi. Asiyekubali aniandikie kabla ya Alhamisi saa 6:00 mchana. Baada ya hapo nitamwita." Ukiandika hivi, huna suala la kupeleka kikaoni.

Jambo linalowahusu watu wawili limalizwe na watu wawili, kwa simu au kwa kutembea hadi mezani kwa mwenzako. Kuliweka mbele ya kumi wengine kwa sababu tu wote watakuwepo Jumatatu ni kuwafanya hao kumi watazamaji wa kulipwa.

Kundi la WhatsApp linafaa kwa habari fupi isiyohitaji kukumbukwa mwakani: maji yamekatika, gari limefika Mkoani, kesho tunafungua mapema. Halifai kwa maamuzi, kwa sababu ujumbe wa saa 3:00 unafunikwa na dua, picha za harusi na pole za msiba kabla ya saa 5:00, na miezi miwili baadaye hakuna anayeweza kuonesha nani alikubali nini. Ujumbe wa sauti wa dakika sita nao ni kikao kwa jina jingine, tena kikao ambacho msikilizaji hawezi kuuliza swali.

Kwa ofisi zenye watu pande zote mbili za bahari, mkutano wa video unaondoa siku mbili za safari katika zile tatu na unamwachia ofisa wa Pemba sehemu kubwa ya ile ya tatu. Sharti lake ni moja: kama mjumbe mmoja yuko kwenye skrini, wote wawe kwenye skrini, kila mtu mezani kwake. Watu tisa chumbani Unguja na mmoja kwenye simu Chake Chake si mkutano wa video. Ni watu tisa wanaozungumza na mmoja anayesikia viti vikiburutwa.

Hatua ya tano: tambua vikao visivyofutika

Vipo ambavyo hesabu haivihusu. Mkutano mkuu wa mwaka wa ushirika au kampuni ni takwa la katiba yake na sheria. Mtu anayetuhumiwa kwa kosa la kinidhamu ana haki ya kusikilizwa, na hasikilizwi kwa dokezo. Wenzako wawili wanapokuwa hawasalimiani, barua zitaongeza moto. Kupunguza wafanyakazi, kufunga kitengo au kutangaza kifo cha mwenzetu ni mambo ya kuambiwa uso kwa uso, hata ikigharimu siku nzima. Vivyo hivyo bajeti, ambayo mwaka wake wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, huwa ina mivutano ambayo watu wanaitatua haraka zaidi wakiwa meza moja kuliko kwa barua kumi na tano za kujibizana.

Hatua ya sita: kama ni lazima, kinunue kwa bei ndogo

Anza na idadi ya watu. Kati ya watu watano kuna jozi 10 za wanaoweza kuzungumza wao kwa wao. Kati ya watu 12 kuna jozi 66. Ndiyo maana kikao cha watu 12 hakina ugumu maradufu ya kile cha watano, kina ugumu wa namna nyingine kabisa, na nahodha wengi chombo huenda mrama. Mwite anayeamua, mwenye habari ambayo hakuna mwingine anayo, na atakayetekeleza. Wengine wapelekewe muhtasari siku hiyohiyo. Hapa Zanzibar kutoitwa kunaweza kuchukuliwa kuwa ni kudharauliwa, kwa hiyo usimwache mtu nje kimya kimya, mwambie kabla, kwa maneno kama haya: "Sikukuweka kwenye orodha ili usikatishwe kazi yako. Muhtasari utaupata kabla ya alasiri, na ukiona neno lolote linakuhusu, nifuate." Nimewahi kuona mtu akikasirika kwa kutoitwa. Sijawahi kuona akikasirika wiki ya tatu.

Saa ya kukutana ni uamuzi mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mimi hupendelea saa 5:30 asubuhi. Asubuhi nzima inabaki ya kazi, na adhana ya Adhuhuri, ambayo kwetu huingia muda mfupi baada ya saa 6:00, hufunga kikao kwa mamlaka ambayo hakuna mwenyekiti anayo. Ijumaa uache kabisa. Mwezi wa Ramadhani vikao viwe vya mapema na vifupi, na kile kinachoweza kungoja Shawwal kingoje.

Kwa mambo ya kila siku, kama makabidhiano ya zamu katika hoteli za Paje na Nungwi, simameni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri uliotolewa mwaka 1999 ulilinganisha makundi yaliyokutana yamesimama na yaliyokaa, ukaona waliokaa walitumia muda zaidi kwa asilimia 34 bila maamuzi yao kuwa bora. Kwa mzee au mgonjwa, kiti kiwepo bila kuombwa.

Katika ajenda, weka jambo zito mwanzoni. Utaratibu wetu wa kuthibitisha muhtasari uliopita, kisha Yatokanayo, ndipo ajenda yenyewe, unatumia akili safi ya wajumbe kwa mambo ya mwezi uliopita. Kama kanuni za ofisi hazikulazimishi, hamishia Yatokanayo mwishoni, na uyageuze kuwa jedwali la safu tatu: jambo, mhusika, tarehe. Lililofanyika lisisomwe. Lililorudi mara ya tatu lisijadiliwe tena; mwenyekiti ama ampe mtu mmoja mamlaka na fedha ya kulimaliza, ama alifute hadharani. Mengineyo, yaani mambo yasiyokuwemo kwenye ajenda, yapokelewe kwa maandishi siku moja kabla, la sivyo yatageuka kuwa kikao cha pili.

Hatua ya saba: namna ya kukataa mwaliko bila kumvunjia mtu heshima

Ushauri mwingi unaoandikwa kuhusu vikao unadhani kwamba mfanyakazi anaweza kujibu "sitahudhuria". Katika ofisi ambayo mkuu ni mtu wa umri wa baba yako na huenda ni jirani yako Michenzani, hilo halisemeki. Kinachosemeka ni kutoa mchango wako kabla: "Mkurugenzi, nimepokea mwaliko, ahsante. Ninachoweza kuchangia ni takwimu za ununuzi za robo hii, nazo nimeziambatanisha hapa na maelezo mafupi. Ukiona bado nahitajika, nitafika bila shaka." Mara nyingi atajibu kwamba inatosha. Akisema uje, nenda, na usikae kikaoni ukichezea simu.

Ukiwa na hesabu ya hatua ya kwanza mkononi, usiisome mbele ya watu. Mpelekee mkuu wako faraghani, kama taarifa kuhusu ofisi na si kama lawama juu yake, na umwachie aiwasilishe kwa jina lake akipenda.

Hatua ya nane: futa kwa mwezi mmoja kisha utazame

Januari 2023 kampuni ya Shopify ya Canada iliondoa kwenye kalenda za wafanyakazi wake vikao vyote vya kujirudia vyenye watu watatu au zaidi, na baadaye mwaka huo ikaweka chombo kinachoonesha bei ya kikao kabla hakijaitwa. Ofisi ya Chake au ya Vuga haihitaji chombo hicho. Inahitaji mstari mmoja juu ya kila muhtasari, chini ya orodha ya waliohudhuria: wajumbe 12, saa 2, saa za kazi 24. Mwandishi wa muhtasari anaweza kuanza kuuandika kesho bila kuomba ruhusa ya mtu, kwa kuwa ni taarifa kama zilivyo tarehe na mahali.

Kisha chagua kikao kimoja cha kila wiki, kile ambacho wewe mwenyewe hukikumbuki kilizungumzia nini wiki iliyopita, umwombe mwenyekiti kisimamishwe kwa wiki nne tu, kwa majaribio. Andika kila anayekuja kuuliza kitafanyika lini, na andika kila jambo lililoharibika kwa kukosekana kwake. Jambo likiharibika, kirejeshe, ila kwa wale wanaohusika na jambo hilo pekee. Wiki nne zikipita na daftari likiwa tupu, kiondolewe kwenye ratiba, na chumba chake wapewe wahasibu, ambao kila Juni hutandaza hati za malipo sakafuni kwa kukosa meza.